Baiskeli Iliyobaki Burumba

Juzi tuliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Busia tutoe maoni kuhusu mswada wa kuwalinda askari wa siri wanaofuatilia pesa chafu zinazovuka mpaka. Ukipita, watatoa ushahidi kortini bila kuonyesha uso wala kutaja jina.

Mama mmoja muuza chai akasimama, akakaza leso kiunoni.

"Boss, mmoja wao nilimjua. Enzi za boda boda za baiskeli alibeba watu kutoka hapa mpaka upande wa Uganda. Miaka mitatu anakunywa chai kwangu mtaa wa Burumba, najua ni mtu wa baiskeli tu."

"Maoni, mama," afisa akamkumbusha, kalamu juu ya fomu.

"Nakuja. Kumbe alikuwa anabeba wenye mifuko ya pesa, anashika sura zao. Siku ya kesi wakamsimamisha ataje jina lake la kweli, wakubwa wa hizo pesa wakimwangalia. Kesho yake nikakuta baiskeli imefungwa kwa nguzo ya kibanda changu. Mwenyewe sijamwona tena."

Nikakumbuka kengele za baiskeli zile, zilivyotuamsha kabla ya malori kuanza kuunguruma. Ukiwa abiria ulikaa nyuma juu ya sponji, ukamwambia dereva siri zako zote mpaka geti la mpakani. Nani angejua anasikiliza kwa niaba ya serikali?

Fomu ya afisa ilikuwa na visanduku viwili tu: naunga mkono, napinga.

"Andika naunga mkono," mama akasema akiketi. "Na mkimpata, mwambieni baiskeli yake naijaza upepo kila Jumapili."