Punje Mbili za Kahawa

Tangu aanze kupokea pensheni ya serikali, mzee jirani wa Leokadia pale Tensta, kitongoji cha Stockholm, huchemsha machicha yaleyale ya kahawa mara mbili. Aliendesha tramu, treni za barabarani za Stockholm, mpaka zilipoondolewa, na hata leo akiongea, mkono wake wa kushoto huzungusha mpini wa kuendeshea usiokuwepo, sauti ikipaa kana kwamba inashindana na magurudumu ya chuma. “Wazee tunazidi kuongezeka, binti. Watatulipa mpaka lini?”

Jumapili moja Leokadia alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna kutoka kwao Bukoba, kama babu yake alivyozoea kuwapa wageni. Mzee akachukua punje mbili. Moja akaitafuna taratibu, na ule mkono ukatulia. Ya pili akaitia mfukoni mwa koti lake la udereva wa tramu.

“Hii,” akasema, “ni ya siku watakaponisahau.”