Tawi Bichi la Mkaratusi

Mwanangu, weka chini kwanza hilo jiwe na huo mti uliookota mtoni. Keti. Samaki wako hawatakimbia, wana pa kwenda? Kuna siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia harufu ya mkaratusi, na hapa Butembo, wewe mwenyewe unajua, harufu hiyo haiishi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Wazazi wangu, wakulima wa viazi kule Musienene, walinipeleka Beni nijifunze kushona kwa Mama Zaina, mjane wa Kiislamu. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori. Safari moja alimletea mkewe aquarium, lile sanduku la vioo la kufugia samaki, pamoja na samaki wanne wadogo wekundu. Halafu akaugua, akafa. Samaki wakabaki. Kila asubuhi baada ya sala Mama Zaina aliwapa chakula na kuwaamkia kama watu, na mimi nikicheka kimoyomoyo. Ujana ni moshi, mwanangu, na moshi hauoni mbali.

Siku moja akaenda kwenye matanga ya ndugu yake, alale huko usiku mmoja. Mlangoni akaniambia, "Kavira, ubakie na batoto yangu." Alikuwa anasema samaki.

Alipoondoka tu, nikaona mmoja amepanda juu ya maji, anafungua mdomo na kuufunga. Nikajiambia, huyu ameshikwa na grippe! Kwetu Musienene mtu akiwa na mafua, mama anachemsha majani ya mkaratusi, unafunikwa blanketi juu ya sufuria mpaka kifua kifunguke. Donc, basi, dawa iliyonifaa mimi itamfaa na samaki. Tena lile sanduku lilikuwa na samaki na maji tu, bila pambo lolote, na nilitaka mama akirudi na huzuni yake akute kitu cha kupendeza. Nikakata tawi bichi la mkaratusi nyuma ya nyumba, utomvu bado unatoka. Nikaokota na mawe mawili meupe barabarani. Nikatumbukiza vyote. Ilipendeza, siwezi kukudanganya! Nilijisifu peke yangu kama bibi harusi mbele ya kioo.

Asubuhi maji yalikuwa ya manjano. Samaki watatu walielea tumbo juu. Mmoja tu alikuwa bado anahema.

Mama Zaina akaingia. "Kavira, njo nini hii?"

Nikalia, nikamweleza habari ya grippe. Afadhali angenichapa. Alimtoa yule mmoja kwa mikono yake, akamweka katika beseni la maji ya mvua, akakaa chini kando yake bila kuvua hata kitambaa cha matanga.

"Dawa ni muzuri," akasema mwishowe. "Lakini uliuliza nani kama iko ya samaki? Alikuwa anataka maji mupya tu."

"Sikuuliza mutu, mama."

Nikaenda kufunga nguo zangu. Nilijua narudishwa Musienene, na aibu ya kurudi bila ufundi, ole wangu, ningeiweka wapi? Akanikuta na kifurushi mkononi.

"Unaenda wapi? Huyu mumoja atachungwa na nani?"

Basi nikabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha, kama mumewe alivyokuwa amemweleza. Mti uwe mkavu wa zamani, usio na ganda wala utomvu. Tulipata mzizi mmoja na jiwe moja kando ya mto. Mzizi tukausugua kwa brashi bila sabuni, tukauchemsha, kisha tukauzamisha katika ndoo. Kila asubuhi nilimwaga maji, yakiwa na rangi ya chai, nikaweka mengine. Mawe, aliyakamulia ndimu. Yale yangu meupe yakatoa povu. "Hii itaharibisha maji polepole," akasema, akayatupa. Lile la mtoni likanyamaza, bila povu. Hilo tulilisugua tu. Jiwe usilichemshe, linaweza kukupasukia usoni.

Wiki ya kwanza, chai. Ya tatu, chai ya maskini. Nilichoka! Nikamwambia, mama, si inatosha? Akanichotea glasi ya maji yale ya ndoo: "Kunywa basi." Nikarudi kumwaga.

Mwezi ulikuwa umepita tulipoona maji ya ndoo yamekuwa meupe. Akasema, "Sasa weka weye." Nikatia mzizi na lile jiwe ndani ya sanduku lenye maji mapya, nikamrudisha samaki. Samaki akauzunguka ule mzizi mara moja, akaingia chini yake, akatulia. Mama Zaina akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Kumbe alikuwa anatafuta nyumba," akasema, akacheka. Tangu nifike kwake sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa nilichomshonea mimi.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona mti umekaa vizuri ndani ya maji, ujue kuna mtu aliyemwaga ndoo asubuhi nyingi. Na ukitaka kumtendea mtu wema, awe mume, awe mgeni, awe mtoto aliyekimbilia kwako, usimpe haraka kile kilichokuponya wewe. Mwangalie kwanza, umuulize. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na watatu walikufa kwa mapenzi yangu.

Mungu akupe moyo wa kupenda, mwanangu, na aupe moyo huo masikio. Nyumba yako isikose maji safi wala kicheko. Haya, ndoo iko nyuma ya mlango. Na ndimu usisahau.