Suti Yangu Nyeusi Mgongoni mwa Punda wa Mama Mkwe

Leo nacheka kwa sababu nimeshaoa, lakini kuna kipindi mtu akitamka tu neno "punda" mbele yangu nilikuwa naondoka nilipo, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili walilijua hilo, wakawa wananitungia maswali ya jiografia yenye punda ndani yake makusudi. Acheni niseme mwenyewe, maana nyie mmeisikia kwa Hamisi, na Hamisi ni mwongo, anasema nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Mimi ni mtu wa Bukoba, kwetu ni migomba na kahawa, punda nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha shule ya msingi, basi. Nikapangiwa kufundisha huku Mbulu, karibu na Endagikot, nikampenda Paskalina, nesi wa zahanati, mzaliwa wa hapo hapo. Mshenga wangu alikuwa aende kwao Jumapili inayofuata. Baba yake, Mzee Boay, tulishaonana. Mama yake alikuwa hajaniona hata kwa mbali, na neno la mwisho nyumba ile, pamoja na makelele yote ya mzee, ni la mama. Paskalina aliniambia mapema, "Mama hajali kabila lako wala kazi yako. Mama anaangalia salamu. Mtu asiyejua kumwamkia mkubwa, kwake huyo si mtu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, salamu ni kitu gani kwa mtu mwenye shahada! (Nilisema hivyo hivyo, na shahada nikaitaja.)

Sasa Jumamosi ile kulikuwa na siku ya michezo ya kata, na kilele chake ni mbio za punda, mshindi anapewa beberu. Hamisi, mwalimu mwenzangu kutoka Tanga, akasema twende, na akanionyesha kwenye simu watu wa Ulaya wakiwa kwenye mbio za farasi, wanaume wamepiga suti na kofia, wanawake wana makofia kama ungo. "Mbio za wanyama zina mavazi yake," akasema huyo mtaalamu, ambaye maisha yake yote hajawahi kumiliki hata kuku. Na mimi, mjinga wa kiwango cha juu, nikatoa suti yangu nyeusi ya mahafali na kofia ya pama, na kwa kuwa upepo wa Mbulu haumwachii mtu kofia, nikaifunga chini ya kidevu kwa kamba ya kiatu, fundo mara mbili. Paskalina aliponiona alisema, "Kavae kawaida tu." Ningemsikiliza hapo, hadithi ingeishia hapa na nyie mngekuwa mmeshalala.

Tulipofika uwanjani watu wote wamevaa masweta na mabuti, mimi peke yangu nang'aa kama mfiwa. Mshereheshaji, bwana mmoja aliyeonekana kukifurahia kipaza sauti kuliko mbio zenyewe, akatangaza, "Tunaye mgeni, bila shaka ni mtaalamu wa farasi!" Watu wakapiga makofi. Mtu mwenye akili angekanusha. Mimi nikapunga mkono.

Mzee Boay akaja mbio. Mpwa wake aliyekuwa ampande punda wao ameamka na homa, na mbio zinaanza sasa hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, kumbe farasi wewe unajua?"

"Kidogo, mzee."

Kidogo! Farasi nawajua kwa lipi? Lakini nilikuwa nimeshaiona sura ya mkwe wangu imefurahi, nikajiona tayari nakula yule beberu pamoja naye. Hamisi naye, badala ya kuniokoa, akasema, "Huyu kakulia juu ya farasi, mzee." Paskalina alifunika uso kwa viganja.

Punda wenyewe hawana tandiko la kupandia. Ni gunia limekunjwa, likafungwa kamba kuzunguka tumbo. Nilipanda mara tatu, mara mbili nikatokea upande wa pili, mara ya tatu nikakaa, na suruali ikapasuka nyuma kuanzia mkanda hadi panapostahili heshima. Nikasikia ubaridi. Nikajipa moyo kwamba nikiwa nimekaa hakuna atakayeona, ila nikagundua kitu kibaya zaidi, kwamba sasa siwezi kushuka mbele za watu. Filimbi ikalia.

Njia ya mbio ilikuwa rahisi, unatoka uwanjani, unafuata barabara hadi kanisani, unageuka, unarudi. Punda wangu alitoka vizuri mno. Tuliwapita watatu, wanafunzi wangu wanapiga kelele "Mwalimu! Mwalimu!", na mimi (Mungu anisamehe) nikaanza kuinama mbele kama wale wa kwenye simu ya Hamisi. Tukafika njia panda. Wenzetu wakanyoosha kwenda kanisani. Wa kwangu akakata kushoto.

Nilivuta kamba, nikapiga mateke, nikamsihi kwa Kiswahili, nikamsihi kwa Kihaya, wapi. Jambo ambalo kila mtoto wa Mbulu analijua, na ambalo hakuna aliyefikiria kumwambia mtaalamu, ni kwamba punda wa nyumbani ana ratiba yake, na Jumamosi yule punda hupeleka mahindi mashineni. Akanipeleka mashineni. Alipofika akapunguza mwendo, akaenda akasimama kwa adabu kabisa nyuma ya punda wa mwisho kwenye foleni ya kusaga, akatulia. Nyuma yangu vumbi, mbele yangu kina mama kama ishirini na magunia yao, na juu ya punda kuna mimi, na suti yangu, na kofia yangu ya pama.

Wote wakanigeukia. Kisha akatoka mama mmoja mfupi, ana debe la mahindi mgongoni, jasho linamtiririka.

"Huyu ni nani amekaa juu ya punda wangu?"

Sura ilikuwa ya Paskalina mtupu, imeongezwa miaka. Nikaelewa yote kwa mara moja, kwamba mzee alimchukua punda kwa ajili ya michezo bila kumwambia mwenye kazi naye, na mama amepanda kilima na mahindi mgongoni. Nikashika kofia niivue, fundo likagoma. Nikataka kushuka, nikakumbuka suruali. Basi nikafanya jambo ambalo hata mlevi wa kijijini hathubutu, nikamwamkia mama mkwe nikiwa nimeketi juu, kofia kichwani, yeye amesimama chini na mzigo.

"Shikamoo mama."

Hakujibu. Nimewahi kufeli mitihani, nimewahi kuachwa na basi, lakini ile shikamoo iliyoning'inia hewani pale mashineni iliniuma kuliko yote. Niliona posa yangu imeishia pale.

"Shuka."

"Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

Nikavuta pindo la koti kufunika nyuma. Mama mmoja nyuma yangu akachungulia, akaelewa, akaangua kicheko, na foleni nzima ikapokea. Mama Paskalina akavua kanga yake ya begani, akanirushia. "Funga."

Nikafunga kanga juu ya suti, nikashuka, nikaivuta ile kamba ya kofia mpaka ikakatika, nikavua kofia, nikainama, nikaamkia upya. "Salamu baadaye," akasema. "Pokea debe."

Nikapokea. Nilisimama foleni ile nzima, nikabeba mahindi kumwaga mashineni, nikakinga unga, mpaka suti ikawa nyeupe. Ndipo alipofika Mzee Boay anahema, na Hamisi, na Paskalina machozi yanamlengalenga. Mzee akaanza kwa ukali, "Mwalimu, umenipotezea beberu!"

Mama akamgeukia taratibu. "Baba Paskalina, miaka thelathini nakula na wewe ugali, mashine hii hujui hata mlango wake uko wapi. Huyu mgeni wa siku moja ameshafika."

Kisha akanigeukia mimi, na kanga yangu, na unga wangu. "Marahaba, mwanangu."

Paskalina ndiye aliyelia. Andikeni hivyo.

Nimeapa, tena kwa kiapo kizito, mtu akiniuliza kama najua kitu nisichokijua nitasema sijui, hata kama anauliza mkwe, hata kama nimevaa suti. Sitapanda mnyama tena, na ushauri wa Hamisi nausikiliza ili nifanye kinyume chake. Ila Jumamosi naenda mashineni, ndiyo desturi yangu sasa. Na tangu siku ile Mzee Boay naye anatumwa, kwa hiyo tunakutana kwenye foleni kila wiki, mimi na debe langu, yeye na debe lake, nalitua chini, navua kofia, namwamkia shikamoo, naye ananiitikia kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa beberu.