Nilitupa akamwani ya bibi uwanja wa ndege

Admin, jina langu libaki huko huko inbox, maana Muleba ni ndogo na bibi yangu anajulikana.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Kishanda, sasa naishi Bukoba mjini. Nafanya kazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kazi hii nimeipata kwa sababu ya miezi kumi niliyokaa Denmark, kwenye shamba la ng'ombe, nikijifunza kwa vitendo. Watu wananiona nimeendelea. Juzi kanisani waliniomba niwaeleze vijana jinsi safari ile ilivyonikuza. Niliongea vizuri, wakapiga makofi. Kilichonikuza hasa sikukisema.

Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Wiki ya kuondoka alichuma kahawa mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, akazichemsha na majani ya shambani kwake, akazianika, akazifunga kwenye majani makavu ya mgomba. Kwa wasio wa huku, akamwani ni kahawa ya kutafuna. Mgeni akiingia nyumbani kwa Mhaya anakaribishwa nayo. Akaniambia, "Hao watu utalala kwao, utakula kwao. Mpe mama wa nyumba, mwambie imetoka kwangu."

Uwanja wa ndege Dar nilikuta wenzangu wawili tuliochaguliwa pamoja, wa mikoa mingine. Nikafungua begi kutafuta pasipoti, mmoja akaona furushi. "Nini hiyo, dawa ya kienyeji?" Nikaeleza. Wakacheka. "Yaani unampelekea Mzungu kahawa ya kutafuna?" Hakuna askari aliyeniambia hairuhusiwi, msije mkanitafutia sababu. Nilikwenda chooni kwa miguu yangu, nikalitumbukiza furushi kwenye pipa la taka, nikanawa mikono. Nilijiona mjanja kweli.

Mwenyeji wangu kule, mama anaitwa Birgit, alikuwa na kopo la pipi nyeusi za chumvi. Jamani zile pipi ni mbaya, usiombe. Lakini kila mgeni anapewa. "Ni za kwetu, jaribu," anasema. Nilipokunja uso alicheka mpaka machozi, wala hakuona aibu. Akaniambia hata mama yake alikuwa akiwapa wageni zile zile. Hapo ndipo lile furushi liliponirudia. Nilikwenda kulia bandani kwa ng'ombe, yeye akadhani nimekumbuka nyumbani.

Bibi alipopewa simu ya baba mdogo tuongee, swali lake la kwanza lilikuwa, "Alitafuna?" Nikajibu, "Alitafuna bibi, akaomba nyingine." Sikupanga, lilinitoka tu. Tangu nirudi nausikia uongo wangu kwa majirani, kwa akina mama wa kanisani, hadi msibani. Bibi anausimulia na kuuongezea chumvi. Siku hizi Birgit amefikia kulamba vidole.

Sasa Birgit anakuja. Jumamosi ijayo anafika Bukoba na mumewe, na amesema lazima amwone bibi. Bibi ameshakata nyasi za kutandika sebuleni na ameandaa akamwani nyingine. Mkalimani ni mimi. Bibi hajui Kiingereza, Birgit hajui Kihaya, kwa hiyo naweza kutafsiri nipendavyo na hakuna atakayejua. Hilo ndilo linaloninyima raha, kwamba naweza.

Jana nilikwenda Kishanda kusema ukweli. Nikaanza, "Bibi, ile kahawa niliyoondoka nayo..." Akanikatiza, akanishika mkono. "Waitu mjukuu wangu, siku ile niliogopa. Nilisema huyu ni msomi, ataona aibu kubeba vitu vya kizee. Lakini wewe hukunionea aibu." Nikala ndizi zake, nikaaga, nikarudi mjini.

Ndugu zangu, mnaotaka kunisema nisemeni, nimestahili. Ila mkimaliza mnisaidie. Nimwambie kabla ya Jumamosi, ajue kwamba alichokiogopa ndicho nilichokifanya? Au nikae katikati yao nitafsiri uongo, huku bibi ananitazama usoni na kuniamini? Nishaurini, siku zinakwisha.