Nilimwita Kaka Yangu Mwizi kwa Sababu ya Picha ya Farasi

Nilikosa. Wacha niseme hivyo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ninajua sana.

Nyumbani kwetu Wamagana kuna picha ya vita. Si ya kamera. Ni mchoro wa zamani uliochapwa kwenye karatasi, askari wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa wakigongana juu ya farasi, panga juu. Baba alikuwa akitunza farasi wa mzungu mmoja upande wa Nanyuki, na mzungu alipohama akamwachia. Ilikaa ukutani karibu na jiko la kuni la mama tangu kabla sijazaliwa. Mimi niliijua ikiwa rangi ya chai: farasi, watu, mawingu, vyote chai.

Baba alipofariki, picha ilibaki kwa kaka yangu mkubwa kwa sababu ndiye anayeishi na mama. Sikusema kitu, lakini niliweka moyoni.

Mwaka jana mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki alikuja kununua mtamba kwa kaka. Nilikuwapo. Alisimama mbele ya ile picha akasema, "Mzee, hawa farasi wamechorwa na mtu anajua farasi." Basi. Akachukua mtamba wake akaenda. Haukupita muda, naingia nakuta ukuta mtupu.

"Iko kwa fundi, Nyeri," shemeji aliniambia huku akipepeta maharagwe, bila kuniangalia. Bila kuniangalia! Nikajumlisha.

Ningemuuliza kaka. Alikuwa hapo tu shambani akichuma kahawa. Lakini mimi nikishuku sitaki jibu, nataka ushahidi.

Nikaupata siku ya ruracio, siku ya kupokea mahari ya binti yake. Nitamwita Wangechi. Wageni walitoka Kerugoya, wanawake wao wakaimba getini mpaka wakafunguliwa. Naingia sebuleni, picha iko ukutani ndani ya fremu mpya, na askari wamevaa nyekundu! Farasi wa mbele ni mweupe kabisa. Hasira zikanipanda. Nikajua ya baba imeuzwa, na hii ni nakala.

Kwa desturi, kabla ya mazungumzo msemaji wetu huuliza kama kuna mtu wa nyumba hii aliye na neno. Ni adabu tu, hakuna anayejibu. Mimi nikasimama.

"Mimi niko na neno," nikasema. "Huyu ameuza picha ya baba kwa mtu wa Nanyuki. Kama anaweza kuibia ndugu yake, nyinyi mnaoa kwa watu gani?"

Aliyejibu ni mama.

"Kaa chini. Siku baba yenu alileta hii picha ilikuwa hivi hivi. Moshi ni yangu. Fundi ametoa tu moshi, ndio wageni wakuje wapate nyumba safi."

Wazee wa Kerugoya walinong'onezana. Mkubwa wao akasimama, akavaa kofia.

"Malizeni ya kwenu kwanza," akasema. "Sisi tutarudi mkielewana."

Hawajarudi. Tumesikia yule kijana anaoa Kiriaini.

Nilienda kuomba msamaha. Kaka alinipa chai, akasema yameisha. Wangechi, aliyekuwa akiniita baba mdogo, siku hizi ananisalimu kama mtu anayemsalimu naibu wa chifu, kisha anapita. Na mimi, Mungu anisamehe, hata sasa nikimwona kaka akiongea na mama kwa sauti ya chini, najiuliza wanasema nini. Huu ni ugonjwa.

Wewe unayesoma, ukimshuku ndugu yako mwendee shambani, muulize mkiwa wawili. Atakasirika, mwache akasirike. Usingoje wageni.

Kwetu bibi harusi hufichwa kati ya wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso, ili kijana aje amtambue. Wakati mimi nasimama kusema, Wangechi alikuwa amefunikwa hivyo chumba cha pili. Wageni waliondoka, sisi tukaanza kugombana, na hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia atoe leso.