Mbuzi Wanne Walivyomnasa Mwizi wa Mtihani

Utasema nakuzuga, lakini haya yametokea kweli, tena ndani ya ofisi ya mitihani shuleni!

Saa mbili asubuhi. Fundi wa kompyuta wa shule, wenyewe wanamwita Mama Waya, amekaa mbele ya kompyuta ya mchapaji, mikono kaikunja. Hagusi kitu. Anakodoa macho tu.

Mchapaji kasimama pembeni, macho mekundu. Mtihani wa hesabu umevuja, na yeye ndiye aliyekuwa anauandika. Akikosa utetezi, kazi hana.

"Dada, niape mara ngapi? Sijauza mimi!"

"Tulia kwanza, mdogo wangu. Hebu ona."

Anamwonyesha nakala waliyonyang'anywa wanafunzi. Swali la mwisho limekatika katikati, na kale kamstari kanakowakawaka ukiwa unaandika kamegandia hapohapo.

"Hii si karatasi iliyoibwa. Ni picha ya skrini, imepigwa ukiwa bado unaandika."

Kapiga nani? Mama Waya anakagua programu zinazojiendesha kimyakimya. Moja inajiita msafishaji wa kompyuta. Kila maandishi yakibadilika, inapiga picha na kuirusha nje kwa intaneti.

"Msafishaji gani anapiga picha?" Mama Waya anacheka. "Huyu mchungulia madirisha! Nani kakuwekea?"

"Shemeji yangu, mwenye duka la fotokopi. Alisema itaongeza kasi."

Weee! Unadhani fundi anaifuta? Thubutu! Anaiacha, halafu anamwambia mchapaji aandike mtihani wa uongo: mbuzi wanne wamepanda ngazi wakiwa na viatu, je, vyote ni vingapi?

Kesho yake mwalimu mkuu anamtuma mlinzi kwenye lile duka la fotokopi, ajifanye mzazi anayetaka kununua mtihani. Anarudi na karatasi. Mbuzi wote wamo!

Mwalimu mkuu, mtu asiyecheka hata kwa dawa, anacheka mpaka anafuta machozi. "Binti yangu, rudi kwenye kiti chako. Tulikukosea." Ofisi nzima vigelegele!

Mama Waya sasa ana mpango wa kuwafundisha wachapaji wa shule za jirani, bure. "Programu ikitaka kuona skrini yako," anasema, "iulize inatafuta nini."

Shemeji? Kaja na mkewe, dada wa tumbo moja wa mchapaji, mjamzito, analia. Mwalimu mkuu kasema mchapaji ndiye aamue. Simu anayo mkononi, namba ya polisi iko kwenye skrini.

Ungekuwa wewe, ungepiga?