Mjukuu, Fangasi na Mikono Yangu

Binti yangu alirudi nyumbani Singe baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Nilishachemsha maji ya kumwogesha mtoto, nimekunja mikono ya blauzi nimpokee mjukuu, binti akasema, "Hapana, mama. Hiyo mikono."

Hiyo mikono! Mikono iliyomlea yeye! Kweli nilikuwa na fangasi, mabaka ya mviringo toka viganjani hadi kwenye viwiko, lakini nani hana fangasi? Nilinuna kutwa nzima. Mtori nilimpikia, ila bakuli niliweka mezani kwa kishindo.

Kilichoniuma zaidi ni mume wangu. Mzee huyu hajawahi kubeba mtoto wake hata mmoja, kila siku alisingizia ng'ombe. Sasa akakaa sebuleni na mjukuu kifuani, ananiuliza, "Bibi yake, huko mbali unamwona vizuri?" Jamani, nilitamani kumtupia mwiko.

Nikaenda hospitali na hasira zangu. Daktari, msichana mdogo tu, akaniamkia, akakwangua ngozi ili apime, akauliza natumia nini. Nikamwambia dawa ya kupaka ya dukani, miaka yote hiyo. Ikiwasha napaka, ikitulia naacha, tyubu nampa jirani.

"Bibi," akasema, "kila ulipoacha katikati, fangasi dhaifu walikuwa wamekufa, wakabaki sugu. Hao ndio waliozaana. Sasa dawa ile haiwasumbui tena."

Nikaelewa palepale. Mimi ni mkulima, kila msimu nachagua mbegu kwenye mahindi yaliyostahimili jua. Kumbe na mikononi nilikuwa nachagua mbegu! Nilicheka kwa aibu.

Akanibadilishia dawa, vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, akaagiza wote wa nyumbani wakaguliwe. Nikarudi mbio kumvua babu viatu. Weee! Vidole vya miguu vimechubuka kwa fangasi, kavificha ndani ya gambuti. Binti akamnyang'anya mtoto papo hapo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye mabaka yakafifia, muwasho ukaisha. Nikamwendea binti. "Nimepona, nipe mtoto."

"Vidonge vimeisha?"

"Bado kidogo."

"Basi na wewe bado, mama."

Ubishi huo kaurithi kwangu. Nilikasirika, na nilijivunia. Tukaendelea kumeza, mimi na babu, maana naye alishaandikiwa vidonge, kila asubuhi tunachungana nani anataka kukwepa.

Siku daktari aliponipima tena na kusema fangasi wamekwisha, nilipanda bodaboda nikamwambia dereva akimbize. Binti hakubisha safari hii. Akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kuoga. Mungu wangu, alikuwa mzito, ananukia maziwa! Nikalia, nikacheka, nikamwimbia kwa Kiiraqw, lugha yetu, kama mama yangu alivyoniimbia.

Binti alipotoka bafuni akanyoosha mikono ampokee mwanawe. Nikajifanya simwoni, nikatoka naye uani.